Herufi ya Kioo na Jicho la Msomaji wa Delta

Mwaka 1998 wadodosaji walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Rufiji, na kila baada ya miezi minne walirudi kwenye nyumba zilezile. Waliandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia na nani amehama. Kazi hiyo ilianza chini ya mradi wa afya wa TEHIP na ikaendelezwa na Taasisi ya Afya Ifakara kutoka kituo chake cha Ikwiriri. Iliwapa wapangaji wa afya takwimu ambazo hospitali isingeweza kuzitoa, kwa kuwa watu wengi walizaliwa na kufa mbali na hospitali. Kibiti wakati huo ilikuwa bado haijamegwa kutoka Rufiji kuwa wilaya.

Chombo chao kikuu kilikuwa karatasi. Herufi za karatasi zina ukubwa mmoja: zilivyotoka kiwandani ndivyo zinavyofika kijijini. Msomaji ambaye macho yake yameanza kuchoka huusogeza ukurasa mbali kidogo na uso, au huupeleka mlangoni penye mwanga, kisha huendelea na kazi.

Tarehe 23 Agosti 2022, Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ilifanyika kwa vishikwambi. Matokeo yake yalikuwa watu 61,741,120, na baada ya sensa vishikwambi vilikabidhiwa sekta ya elimu vikagawiwa walimu. Leo takwimu za zahanati, malipo ya serikali, fedha za simu na masomo vinapita kwenye vioo vya ukubwa tofauti, vya kampuni tofauti, vyenye mifumo endeshi tofauti. Fomu ni moja, lakini ukiifungua kwenye vifaa viwili huenda usione ukurasa uleule. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo karatasi haikuwahi kutulazimisha kuliuliza: nani anaamua ukubwa wa herufi?

Wanaodai haki hiyo ni watatu: mtunzi wa programu, mtengenezaji wa kifaa na msomaji. Hoja ya makala haya ni kwamba neno la mwisho liwe la msomaji, na kwamba zana za kumpa haki hiyo tunazo tayari.

Kwa nini delta

Kutoka mjini Kibiti mtu hushuka hadi Nyamisati, bandari ya boti ziendazo Mafia na vijiji vya delta ya mto Rufiji. Kufika Salale, Msala, Mbwera, Kiongoroni au Maparoni ni safari ya maji. Chombo husubiri maji yajae ndipo kipite kwenye mikono ya mto, katikati ya msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko mingine yote ya Afrika Mashariki. Msitu huo ni sehemu ya ardhioevu ya Rufiji-Mafia-Kilwa, iliyoingizwa katika Mkataba wa Ramsar mwaka 2004.

Jiografia hiyo ina maana kubwa kwa mada yetu. Mjini, kitufe kisipoonekana, unamwita jirani wa dawati la pili au fundi wa ghorofa ya juu. Kisiwani ndani ya delta, mfawidhi wa zahanati, mwalimu au wakala wa fedha anabaki yeye na kioo chake. Anasoma barazani jua la pwani likiwa limesimama. Chaji inatoka kwenye sola, kwa hiyo amepunguza mwanga wa kioo ili betri ifike jioni. Simu yenyewe mara nyingi ni ya bei nafuu. Programu inayosomeka katika hali hiyo itasomeka Kariakoo, itasomeka Nairobi, itasomeka popote. Ndiyo maana delta ni mizani nzuri ya kupimia kazi hii.

Nukta, pikseli na inchi isiyotimia

Wapiga chapa wana kipimo chao cha kale, nukta, na katika kompyuta ilikubalika kwamba inchi moja ni nukta 72. Macintosh ilipotoka mwaka 1984, kioo chake kilikuwa na pikseli, yaani vitone, 72 kwa inchi. Nukta moja ikawa pikseli moja, na ulichokiona kwenye kioo kikalingana na kitakachotoka kwenye karatasi. Windows ilishika njia nyingine, ikachukulia kwamba inchi ina pikseli 96. Herufi ya nukta 12 ikawa na pikseli 12 upande mmoja na 16 upande wa pili.

Zana za kujengea violesura, yaani zile zinazomwezesha mtunzi kuandika programu mara moja kisha ikaendeshwa kwenye Windows, Macintosh, Linux na baadaye simu, zilizaliwa katikati ya mgongano huo. Tk, ya John Ousterhout, iliamua kwamba ukubwa wa fonti ukiandikwa kwa namba chanya ni nukta, na ukiandikwa kwa namba hasi ni pikseli. Qt, iliyoasisiwa Norwei na Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng na kutolewa kwa umma mwaka 1995, iliweka milango miwili, mmoja wa nukta na mwingine wa pikseli, ikamwachia mtunzi achague. FLTK ilishika pikseli peke yake. Utofauti huo ni ushahidi kwamba hakuna aliyekuwa na uhakika wa inchi ya kioo cha mtu mwingine.

Matokeo ya kuchagua vibaya yanahesabika. Herufi ya pikseli 16 kwenye kioo cha pikseli 96 kwa inchi ina kimo cha milimita 4.2. Ihamishe kama ilivyo kwenye kioo cha simu chenye pikseli 320 kwa inchi, inabaki na milimita 1.3. Mtunzi hakubadilisha hata mstari mmoja wa programu yake, lakini herufi imesinyaa mara tatu na zaidi.

Wavuti ulipiga hatua kwa kulifikiria jicho. Katika kanuni zake, pikseli haimaanishi tena kitone cha kioo. Inapimwa kwa pembe ambayo jicho huona sehemu ya 96 ya inchi kwa umbali wa inchi 28, takriban urefu wa mkono ulionyooshwa. Kioo kinachosomwa karibu kinaruhusiwa pikseli ndogo, na kinachosomwa mbali hupewa kubwa. Wazo hilo lina busara: kipimo cha herufi kinaanzia kwa anayesoma.

Android, iliyoingia sokoni mwaka 2008, ililileta wazo hilo kwenye simu kwa vipimo viwili. Cha kwanza, dp, hugawa inchi katika sehemu 160 bila kujali kioo kina pikseli ngapi. Cha pili, sp, ni kilekile, isipokuwa huzidishwa kwa ukubwa ambao mwenye simu ameuchagua kwenye mipangilio yake. Herufi ya sp 16 ni sehemu ya kumi ya inchi, yaani milimita 2.5. Mwenye simu akiongeza ukubwa kwa asilimia 30, inafika milimita 3.3. Herufi moja tu ndiyo inayotofautisha dp na sp katika programu, lakini uamuzi unaobebwa na tofauti hiyo ni wa nani mwenye sauti. Mtunzi anayepima maandishi kwa dp amemnyamazisha msomaji, hata kama hakukusudia.

Hata hivyo, sp nayo haitoi inchi kamili. Simu nyingi hujitangaza kwa makundi ya msongamano kama 240, 320 au 480, na kioo halisi huangukia katikati. Chukua kioo chenye pikseli 270 kwa inchi. Mtengenezaji akikitangaza kuwa cha 320, herufi ya sp 16 itakuwa na milimita 3. Akikitangaza kuwa cha 240, itakuwa na milimita 2.3. Simu mbili zenye kioo kilekile zinaweza kuonyesha maandishi yaliyotofautiana kwa robo, na mtunzi hana habari. Msomaji pekee ndiye anayeona matokeo, na hiyo ni sababu nyingine ya kumpa yeye usukani.

Ukiona vyaelea, vimeundwa

Watu wa pwani wanaujua msemo huo kwa majahazi yao, na unazifaa herufi pia. Ndani ya fonti nyingi hakuna picha ya herufi. Kuna mikunjo ya hesabu, na kila mara kifaa hulazimika kuigeuza mikunjo hiyo kuwa vitone. Kazi hiyo hufanywa na maktaba za programu kama FreeType, iliyoanzishwa na David Turner mwaka 1996, na leo imo katika simu za Android na kompyuta za Linux.

Mikunjo isipoangukia sawasawa juu ya vitone, kuna njia mbili kuu za kutokea. Ya kwanza ni kuisukuma nguzo ya herufi hadi ikae juu ya safu kamili ya vitone: herufi inakolea, lakini umbo lake linapotoka kidogo. Ya pili ni kuliacha umbo lilivyo na kulainisha kingo kwa rangi za kijivu: umbo linahifadhiwa, lakini mstari unafifia. Windows iliegemea ya kwanza, na ClearType, iliyotangazwa mwaka 1998, ikaongeza mbinu ya kutumia vijirangi vyekundu, kijani na buluu vilivyomo ndani ya kila pikseli. Apple iliegemea umbo, na mwaka 2018 ikaacha kabisa mbinu ya vijirangi kwenye kompyuta zake kwa kuwa vioo vyake vilishakuwa na msongamano mkubwa. Kwenye kishikwambi mbinu hiyo ina kasoro nyingine: ukikigeuza kutoka wima kwenda ulalo, vijirangi navyo vimegeuka.

Juu ya tabaka hilo ndipo zana za violesura zinapogawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza huazima vitufe na maandishi ya mfumo endeshi wenyewe. Ndivyo ilivyofanya Java katika toleo lake la awali la mwaka 1995, ndivyo wxWidgets, na ndivyo React Native tangu 2015. Kambi ya pili hujichorea kila kitu, kama Qt na kama Flutter, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2018. Kambi ya kwanza hufuata desturi za simu iliyopo, lakini neno moja linaweza kutosha kwenye kifaa hiki na kuzidi kwenye kile. Kambi ya pili huleta sura ileile kila mahali, lakini inabidi imsikilize mwenye simu kwa makusudi, kwa sababu haipiti kwenye mikono ya mfumo.

Wengi hubishana ipi ni bora. Kwa msomaji wa delta ubishi huo ni wa pembeni. Flutter na React Native zote mbili, zikiachwa zilivyo, hufuata ukubwa aliouchagua mwenye simu. Zote mbili pia zina swichi ya kuzima utii huo. Tofauti inayomgusa msomaji ni iwapo mtunzi ameigusa swichi hiyo.

Kiswahili kikikatwa mkia

Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisini kwa Kiswahili. Mjadala wa lugha yetu kwenye kompyuta tangu hapo umehusu zaidi istilahi: tuseme nywila au nenosiri, tuseme faili au jalada. Nafasi ambayo neno hupewa kwenye kioo imepata wasemaji wachache, ingawa maana inaweza kupotea hapohapo.

Neno lisipotoshea, zana nyingi hulikata mwishoni na kuweka vitone vitatu. Katika Kiswahili mwisho wa kitenzi ndipo palipo na habari ya nani amemfanyia nani. Tazama kisanduku kilichoandikwa "Amelip…". Mtu huyo amelipa? Amelipwa? Amelipiwa? Amelipishwa? Hayo ni mambo manne tofauti, na kwenye orodha ya wagonjwa au ya wakulima wa korosho kila moja lina hatua yake. "Amepelek…" nayo haisemi kama mama amepeleka mtoto hospitali au yeye ndiye aliyepelekwa. Lugha zinazotenganisha habari hizo kwa maneno mafupi hupoteza neno zikikatwa. Sisi tunapoteza mtendwa au mtenda, huku sehemu iliyobaki ikionekana kama inatosha. Kwa Kiswahili, kuteremsha mstari wa pili ni lazima, na kukata kuwe marufuku popote penye kitenzi.

Jambo la pili ni kile kialama cha ng'. Kialama hicho kinaweza kuandikwa kwa alama tatu tofauti za Unicode ambazo kwenye kioo kidogo zinafanana: ritifaa iliyonyooka ya kibodi, ile iliyopinda, na ile iliyotengwa kuwa herufi. Jicho linaona "ng'ombe" mara tatu, mashine inaona maneno matatu. Jina la mgonjwa lililoandikishwa kwa alama moja linaweza kukosekana likitafutwa kwa nyingine. Katika ujumbe mfupi wa simu gharama inaonekana waziwazi. Ujumbe wa herufi za kawaida hubeba herufi 160. Ikiingia ritifaa iliyopinda hata moja, ambayo kompyuta nyingi huiweka zenyewe, ujumbe wote hubadilishiwa usimbaji na uwezo unashuka hadi herufi 70. Ujumbe wa herufi 150 wa kuwaita wazazi kliniki, uliokuwa mmoja, unakuwa vipande vitatu. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozikumba Rufiji na Kibiti, tulikumbushwa kwamba tahadhari yoyote ni lazima ifike nzima na isomeke kwa mara moja.

La tatu ni mwandiko wa Kiarabu, uliotumika pwani kuandikia Kiswahili kwa karne nyingi na ambao bado unafundishwa madrasa. Humo herufi hubadilika umbo kufuatana na nafasi yake katika neno, na zana za zamani ziliweza kuzitawanya moja moja kama shanga zilizokatika uzi. Maktaba ya HarfBuzz, inayoongozwa na Behdad Esfahbod, ndiyo inayoziunganisha leo katika Android, Flutter, Qt na nyinginezo. Jina lake limetoka Kiajemi, na "harf" iliyomo ndani yake ni ndugu wa "herufi" yetu.

Kuna ndugu mwingine wa karibu zaidi. Shirika la SIL limetengeneza fonti ya wanaojifunza kusoma na kuipa jina la Kiswahili, Andika. Ndani yake I kubwa, l ndogo na namba 1 hazifanani, kama zinavyofanana katika fonti nyingi za simu. Anayenakili namba ya kumbukumbu ya malipo kutoka kwenye kioo kilichokwaruzika anaijua thamani ya tofauti hiyo.

Jua na umri

Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba takriban watu 6 kati ya 10 wenye miaka 40 na kuendelea hawaoni vizuri vitu vya karibu. Hali hiyo huja na umri kwa kila binadamu, na dawa yake ni miwani ya kusomea, ambayo vijijini si rahisi kuipata. Mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu, mkunga mzoefu: watu wanaobeba taarifa za jamii mara nyingi wako katika umri huohuo.

Jua linaongeza mzigo. Chukua mfano wa hesabu: kioo chenye weupe wa nguvu 400 na weusi wa nguvu 1. Ndani ya nyumba weupe unauzidi weusi mara 400. Ukitoka nje, mwanga wa jua unaorudishwa na kioo ukaongeza nguvu 400 kila upande, unabaki na 800 kwa 401, yaani mara mbili tu. Maandishi ya kijivu yenye nguvu 100, ambayo wasanifu huyapenda kwa upole wake, yanabaki na 800 kwa 500, yaani mara 1.6. Kanuni za kimataifa za upatikanaji wa wavuti zinadai angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na hicho ni kipimo cha kabla ya jua. Kwa hiyo maandishi ya kazini yawe meusi kabisa juu ya weupe kabisa, na nguzo za herufi ziwe nene. Kanuni hizohizo, tangu toleo la 2008, zinataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kupoteza kitu. Android 14 ya mwaka 2023 imefika kiwango hicho, tena kwa akili: herufi ndogo hukuzwa sana na vichwa vya habari, ambavyo tayari ni vikubwa, hukuzwa kidogo.

Hoja ya upande wa pili

Watunzi wanaofunga ukubwa wa herufi wana sababu, na inastahili kusikilizwa. Herufi zikikua, vitufe husukumana, fomu hurefuka, na mtu huperuzi muda mrefu zaidi kufika mwisho. Pia mafunzo huwa rahisi sura ikiwa moja: mkufunzi aliyeko Kibiti humwelekeza kwa simu mhudumu aliyeko Mbwera abonyeze kitufe cha chini kulia, naye akakikuta.

Sababu ya kwanza ina jibu la ufundi. Visanduku visipewe kimo cha kudumu, vikue pamoja na maandishi. Fomu ndefu igawanywe kurasa fupi fupi. Sababu ya pili jibu lake lilikuwamo kwenye karatasi. Madodoso huwa na maswali yenye namba, na anayeelekeza kwa mbali husema "swali la 14". Namba hizo zikirudi kwenye kioo, mkufunzi na mhudumu wataelewana hata kama mmoja anaona mistari kumi na mwingine minne. Baada ya majibu hayo, kinachobaki upande wa kufunga ni unafuu wa mtunzi, na unafuu huo unalipwa na macho ya mwingine.

Yanayowezekana sasa

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji uvumbuzi mpya. Maandishi yote yapimwe kwa kipimo kinachomsikiliza mwenye simu. Sura ya programu isanifiwe kwa maneno marefu ya Kiswahili tangu mwanzo, badala ya kutafsiriwa na kubanwa mwishoni. Ritifaa isawazishwe kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutuma. Fonti itenganishe I, l na 1. Na wanaonunua programu kwa ajili ya halmashauri, miradi ya afya na shule waweke sharti moja kwenye mkataba: kabla ya kupokelewa, programu ifunguliwe kwenye simu ya bei nafuu, herufi zikiwa zimekuzwa mara mbili, saa sita mchana, kwenye gati la Nyamisati, na mtu wa miaka 50 asiye na miwani aijaze fomu hadi mwisho.

Tulipohamisha madaftari kwenda kwenye vioo tulipata kasi, na takwimu za kijiji sasa zaweza kufika wilayani siku hiyohiyo. Ila karatasi ilikuwa na jambo moja jema: iliondoka na msomaji mpaka mlangoni, ikamsubiri alione neno. Kioo kinaweza kufanya hivyo pia. Kila aliyewahi kumwona mzazi wake akiinyoosha simu mbali na uso, akikunja macho, kisha akampa mtoto amsomee, anajua ni nani tunayemjengea.